Hodi ya Nne

Stafford, 11 Januari 2025

Dada Mwanabaraka,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na binti yako Nusra, na kwamba goti lako limepunguza malalamiko tangu baridi ianze. Sisi hapa hatujambo. Wifi yako Yumna amepandishwa cheo hospitalini. Sasa ndiye anayepanga zamu za wenzake, na kwa hivyo anachukiwa na watu kumi na mmoja. Mama ni mzima. Mashine yake ya oksijeni inafanya kazi vizuri, na jana alimkaripia mtu wa posta kwa kukanyaga mchaichai wake.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi katika zama hizi. Kwanza, wiki iliyopita nilikupigia simu mara tatu, hukushika, nikaacha. Pili, unakumbuka ule ujumbe wa sauti nilioweka kwenye kundi la ukoo? Niliwaambia watu wa nyumbani tu kwamba nafikiria kuhama. Kabla ya adhuhuri ulikuwa umeshafika Mombasa, Muscat na Jeddah, na alasiri mama mdogo akanipigia akilia, akiniuliza nimemuua nani. Barua haisambazwi kwa kidole kimoja.

Jambo lenyewe ni hili. Nataka kuiuza nyumba ya Stafford, nihamie kaunti moja huko kaskazini mwa Missouri iitwayo Pruett. Nimeipita na lori mara nyingi. Ina watu elfu nne tu, ng'ombe hawana idadi, na ardhi yake ni nyeusi tititi. Mtu anachimba kisima chake, anafuga kuku wake, anapanda mboga zake, hamtegemei mtu. Hapa Houston mimi nimechoka. Mwaka ule wa barafu tuliyeyusha theluji ili tupate maji ya chooni. Kisha kikaja kimbunga cha Julai iliyopita, ambacho, kama nilivyokwambia wakati ule, kilipita salama na Mama hakuhisi lolote. Lakini umeme ulikatika siku sita, na mtu mwenye akili hangoji mara ya tatu.

Sasa tatizo ni Mama. Nilipomweleza, alinisikiliza vizuri sana, kisha akasema: "Wanangu ni wawili. Mkikubaliana nyote, nitakwenda hata mwezini. Asipokubali Mwanabaraka, sitoki kwenye kiti hiki." Ameshikilia hapo hapo. Kwa hivyo, dada yangu, nahitaji idhini yako kwa maandishi.

Nisije nikaonekana nakurupuka, nimetayarisha fomu ya tathmini. Ina maswali arobaini na alama mia. Nakala yako iko ndani ya bahasha hii. Mwisho wa mwezi nina siku nne za mapumziko, nitakwenda Pruett mwenyewe kuijaza, swali baada ya swali. Kuna shamba lenye nyumba linauzwa huko.

Mama anakusalimu sana. Anauliza utakuja lini.

Nduguyo,
Abdulghafur


Cedar Hill, 25 Januari 2025

Kwako Abdulghafur, mkuu wa maafa yote yaliyopo na yajayo,

Waalaykum salaam. Barua yako imechukua siku tisa kutoka Stafford hadi hapa, safari ambayo mimi nikipanda gari nafika kwa saa nne na nusu. Nusra hajambo, amefaulu mtihani wa anatomia na sasa hapitiki. Nikipika kuku ananitajia mifupa yake. Goti langu liko pale pale. Mpongeze Yumna, na umwambie akitaka wale kumi na mmoja wampende awape mapumziko ya Jumapili.

Nimeisoma fomu yako. Nikaenda nayo kazini nikaisoma tena wakati wa chai, na wazee ninaowahudumia wakaifurahia mno. Mmoja amezaliwa Missouri, alitoka huko akiwa na miaka kumi na saba. Nilipomtafsiria swali la ishirini na sita, kuhusu njia ya kumzuia jirani mwenye njaa asifike ghalani mwako, alicheka mpaka ikabidi nimpime presha.

Lakini ndugu yangu, hebu tusemezane. Swali la kumi na nane ni umbali wa jirani. Umeandika kwamba jirani akiwa chini ya nusu maili ni alama sifuri, na akiwa maili tatu ni alama kumi kamili. Yaani watu wakipungua, ndiyo hali inazidi kuwa njema! Mama anazungumza kuanzia alfajiri hadi isha. Huko atazungumza na nani, na mahindi? Hospitali iko wapi? Msikiti je? Akitaka mtu wa kumsuka nywele, atasukwa na ng'ombe?

Sikukatazi kwenda kutazama. Nenda, ujaze. Ila nami naongeza maswali yangu matatu. Jikoni kukoje? Choo kiko mbali kiasi gani na chumba cha Mama? Na kuna ngazi ngapi za kupanda mpaka mlangoni? Mimi nawainua wazee kila siku, najua ni vitu gani vinavyowaangusha.

Kuhusu kuja kwangu, nilikusudia kuja mwezi wa kumi na mbili, kisha gari likahitaji matairi, kisha kukawa na upungufu wa watu kazini. Nitakuja. Mwambie Mama nitakuja.

Dadako,
Mwanabaraka


Barua hii nimeiandika kwenye kituo cha malori, Oklahoma, 16 Februari 2025

Dada,

Assalaam alaykum. Niwie radhi kwa kuchelewa. Tangu nirudi kutoka Pruett nimepakiwa mizigo mfululizo, na karatasi hii nimeipata kwa mama anayeuza kahawa hapa. Nyumbani wote wazima. Mama nilimwacha akimfundisha Yumna kupika mahamri ambayo Yumna anayapika tangu hajaolewa.

Dada, nimeiona Pruett kwa macho yangu! Niliendesha saa kumi na tatu. Ile ardhi ni nyeusi kweli, laini, ukiikanyaga inaitika. Watu wake ni waungwana. Ukipishana nao barabarani wananyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Wa kwanza nilidhani ananitukana, nikanuna maili kumi nzima, mpaka nilipotazama vizuri nikaona ni kidole cha shahada. Basi nikawa nawarudishia salamu kwa mkono mzima, na wao wakapunguza mwendo kunitazama. Katika duka la chakula cha mifugo mzee mmoja aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Houston. Akanipa pole.

Sasa matokeo. Maji: ishirini kwa ishirini, kisima kina pampu ya mkono. Udongo: kumi na tisa. Usalama: kumi na tano kwa kumi na tano, kwani hakuna mtu. Hospitali iko maili sabini na moja, lakini barabara haina foleni hata kidogo, nimeipa saba kwa kumi. Msikiti ni maili mia moja na kumi na nane. Nimeandika "haihusiki", maana hata hapa naswali nyumbani. Kuna pishi la chini ya ardhi la kujificha tufani zikija. Mlango wake ni wa chuma na unaelekea mashariki. Paa ni jipya. Banda la kuku lina nafasi ya kuku sitini. Jumla: alama tisini na nne kwa mia.

Maswali yako. Ngazi ni nne, imara. Jiko ni la kawaida tu, safi. Choo kiko karibu.

Nilichota udongo kwenye chupa nikamletea Mama. Aliunusa, akauliza kama unafaa kupandia mihogo. Nikamwambia hapana, huko ni mahindi na soya. Akanirudishia chupa, akasema, "Basi ungemwachia mwenyewe." Yumna naye alipoiona fomu alisema "Mashaallah", lakini unaijua ile mashaallah yake.

Dalali anataka jibu kabla ya mwisho wa Mei. Nangoja idhini yako.

Abdulghafur


Cedar Hill, 9 Machi 2025

Ndugu yangu mfungaji,

Ramadhani karimu. Mungu azipokee swaumu zenu. Sisi tunafunga vizuri, ila Nusra ana darasa saa ya kufuturu, huwa anafungulia tende ndani ya maabara ambamo hawaruhusiwi kula. Hapa Cedar Hill tunafuturu kwa zamu nyumba hadi nyumba, na leo zamu ni yangu, kwa hivyo nakuandikia huku nimeroweka mbaazi.

Mama amenipigia simu. Ameniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba ile akiba yako ya dharura uliyoifungia stoo, yale makopo sabini ya tui la nazi, ameshafungua kumi na tisa. Nikamuuliza, Mama, si ni ya dharura? Akaniambia wageni wawili kabla ya magharibi nao ni dharura. Umefahamishwa sasa, usije ukamlaumu mkeo.

La pili nitalileta mwisho.

Tuje kwenye jiko la kawaida, safi. Nusra amelitafuta lile shamba lako kwenye mtandao, kwenye tangazo la dalali, akapata picha. Akaniita: "Mom, njoo uone hii kitchen, iko weird sana!" Nikaenda. Abdulghafur! Kuta zote nne za lile jiko, toka sakafuni hadi darini, zimebandikwa karatasi yenye nguruwe. Nguruwe waridi, wamevaa aproni, wanapika. Nusra amewahesabu ukuta mmoja akafika mia na ishirini. Juu ya friji kuna kikombe cha ushindi, na juu ya kikombe amesimama nguruwe wa dhahabu.

Mtu akiingia jiko lile, na akiwa ni mtoto wa baba yetu, hawezi kuandika neno "kawaida". Angeandika kurasa mbili. Basi ninachojua mimi ni kwamba hukuingia. Umeendesha saa kumi na tatu kwenda na kumi na tatu kurudi, umeipa nyumba alama tisini na nne, na hukuingia ndani. Kwa nini?

Na la pili ndilo hili. Mama alikuwa akimsifu jirani yenu Clothilde kwamba amemletea maharage ya futari. Akasema, "Yule mwanamke aliyenirudishia pumzi." Nikamuuliza, pumzi gani, lini? Akaanza kunieleza bei ya vitunguu. Mama habadilishi maneno mpaka awe amekatazwa kusema. Julai kulitokea nini? Miezi minane nausikia wimbo mmoja, Mama hakuhisi lolote. Sitatia sahihi yangu popote mpaka nijibiwe.

Dadako


Stafford, 6 Aprili 2025

Dada Mwanabaraka,

Idi njema iliyopita. Wote wazima.

Ndiyo, sikuingia. Haya, furahi.

Dalali aliniambia yeye yuko mbali, ufunguo uko ndani ya kisanduku chenye namba mlangoni, nifungue nijitazamie mwenyewe. Nikafika saa nne asubuhi. Nikapanda zile ngazi, na ni nne kweli, hilo sikusema uongo. Nikasimama mlangoni. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili, kwa sauti zaidi. Ng'ombe mmoja akanitazama. Nikapiga ya tatu. Kimya. Sasa ningefanyaje? Unamjua baba alivyotulea. Hodi ni tatu. Usipokaribishwa, unageuka, unarudi ulikotoka, na wala humnung'unikii mwenye nyumba. Mkono uliushika ule ufunguo, Dada, lakini mguu ulikataa. Nyumba ya watu, viatu vyao viko barazani, pazia limefungwa, halafu mimi niingie tu kama mwizi? Nikashuka. Nikakagua kisima, paa, banda na pishi, vitu ambavyo havina hodi. Kisha nikarudi Texas.

Nimemweleza dalali. Akasema hajawahi kusikia sababu hiyo. Yumna amelicheka jambo hili siku nne na amewasimulia wale wafanyakazi wake kumi na mmoja, ambao sasa wanampenda.

Kuhusu nguruwe, karatasi hubanduliwa.

Kuhusu Julai, Mama alikuwa salama, yuko salama, na mazungumzo hayo yamekwisha. Majirani ni majirani, wanasema mengi. Wewe unaishi mbali na hukuwapo, kwa hivyo si lazima ujue kila kitu. Ninachotaka ni nyumba ambayo umeme ukikatika simwombi mtu yeyote chochote. Muda unakwisha Mei thelathini na moja. Tia sahihi, au sema hapana kwa neno moja.

Abdulghafur


Cedar Hill, 4 Mei 2025

Ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Nusra anakusalimu. Goti ni lile lile. Leo sina habari nyingine za nyumbani, na kama ninazo hazitangulii hili.

"Hukuwapo." Neno hilo nimelibeba wiki tatu. Nimelipeleka kazini nikarudi nalo.

Nilimwomba Mama namba ya Clothilde, nikampigia. Kwanza alikataa, akasema umemwomba asiseme. Nikamwambia mimi ni mtoto wa yule bibi. Basi akafunguka, na nakuandikia maneno yake kama alivyoyatamka: "Madame, ule ndugu yako iko na adabu ya mingi, mingi kupita. Nilimuona ku dirisha, iko anatoka ku mulango yetu, anarudia kwake, kichwa chini, sawa mutoto wamepiga. Nikaambia bwana yangu, Tharcisse, kule kuko kitu! Nikabeba kamba ya courant, nikaruka lupango, nikaingia. Hodi ya nini? Bibi alikuwa anaanza kufunga macho!"

Ilibidi anieleze kwamba courant ni umeme na lupango ni ua. Sasa najua, Abdulghafur. Siku ya tatu ya giza, mitungi ya oksijeni imekwisha, mashine imezima, na wewe umesimama mlangoni kwa watu wenye jenereta inayonguruma nyuma ya nyumba. Ukapiga hodi tatu. Hawakusikia kwa kelele. Ukageuka.

Nilikasirika. Nilikasirika nikavunja sahani, ile ya maua uliyoniletea Idi. Nikaishika kalamu nikuandikie matusi yote ninayoyajua, na unajua nayajua. Kisha nikafungua simu yangu ya zamani kutafuta tarehe, ili nikupige nayo. Nikaipata.

Siku ile, kati ya saa tatu na saa tatu na dakika kumi asubuhi, kuna simu zako tatu.

Sikuwa mbali na simu. Sikuwa nainua mzee. Nilikuwa nimekaa chumba cha chai, nikaiona ikiita. Nikasema moyoni, huyu kila wingu kwake ni kimbunga, atanisimulia upepo wa maili ngapi kwa saa, nami nimechoka. Ikaita ya pili. Ikaita ya tatu. Nikasema, likiwa ni jambo kweli, atapiga ya nne.

Ndugu yangu, nilisahau ni nani anayepiga. Wewe hupigi ya nne.

Tangu hapo kila mara nilipokuuliza, ukaniambia Mama hakuhisi lolote, nami nikashukuru kuambiwa hivyo, sikuchokonoa. Gari halikuhitaji matairi. Kazini hakukuwa na upungufu wa watu. Nilikuwa naogopa kuja nikamtazama Mama machoni. Nisamehe.

Idhini sasa. Sitaki nikunyime kwa hasira wala nikupe kwa sababu nina hatia. Ichukue fomu yako, futa lile swali la umbali wa jirani, uandike badala yake swali moja tu: ukipiga hodi tatu ukageuka, nani atakufuata? Jaza kwa Pruett, na ujaze kwa Stafford. Ukinijibu hilo kwa ukweli, nitatia sahihi popote utakapotaka.

Mwanabaraka


Stafford, 24 Mei 2025

Dada yangu mpenzi,

Waalaykum salaam. Barua yako niliipata nikiwa nimetoka safari ya siku sita, nikaisoma nimesimama sebuleni na mfuko bado begani. Mama akaniuliza, "Anasemaje?" Nikaikunja barua nikaitia mfukoni. Akasema, "Basi kakwambia." Yeye amelijua lote tangu mwanzo, hata zile simu tatu. Anasema alikuwa akingoja tukue.

Hakuna cha kusamehe, lakini kwa kuwa umeomba, nimekusamehe, na wewe nisamehe kwa "hukuwapo".

Nitakuandikia yaliyosalia, maana Clothilde hayajui. Jenereta nilikuwa nayo mimi pia. Niliinunua baada ya barafu, kubwa, nyekundu, nikaisifia kwa kila mtu mtaani. Siku ile niliivuta kamba mpaka bega likavimba, isiwake. Gari la wagonjwa walisema litachelewa, miti imelala barabarani. Midomo ya Mama ikaanza kubadilika rangi. Yumna amekwama hospitalini, njia zimejaa maji. Kwa Tharcisse jenereta yao ndogo inaimba. Na wiki mbili tu kabla ya hapo nilikuwa nimewaandikia malalamiko ya kurasa mbili kuhusu jogoo wao. Nilipiga zile hodi tatu, Dada, na ya tatu niliipiga polepole. Hilo ndilo nililolificha miezi kumi. Niliona haya kusikika. Nilimpima Mama na haya zangu, na kwa kitambo kile haya zikawa nzito zaidi. Niliogopa, na nikajificha ndani ya adabu.

Niliporudi ndani nilikaa chini nikamshika mkono. Mara mlango wa nyuma ukasukumwa, akaingia Clothilde na viatu vyake vya bustani, matope mpaka kwenye zulia, waya mabegani. Hakunisalimu. Alichomeka mashine, akamshika Mama kidevu, akamwambia apumue naye, moja, mbili. Nami, mtoto wa baba yetu, unajua nilisema nini? Nilisema, "Samahani, viatu." Alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau.

Ndiyo maana nikataka Pruett. Nilitaka mahali ambapo hakuna aliyeniona siku ile.

Nimeijaza fomu upya. Swali lako: Pruett, ng'ombe mmoja, naye alinitazama tu. Sifuri. Stafford, watu wawili. Nimewapa alama mia, jumla imevuka, fomu imeharibika, nimeitupa. Dalali nimemwambia hapana. Hakusikitika, amepata mnunuzi mfuga nguruwe aliyelipenda jiko.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Tharcisse. Nikapiga hodi, akafungua kwenye ya kwanza. Nikamwambia nimekuja kuhusu jogoo. Akasema walishamla Krismasi. Basi tukacheka, nikamweleza yote barazani kwake, na yeye akaja kuitazama jenereta yangu. Aliinama, akazungusha kitu kidogo kwa kidole kimoja, akavuta kamba mara moja, ikawaka. Njia ya petroli ilikuwa imefungwa tangu dukani.

Jumamosi iliyopita tulitoboa ua wa mbao katikati ya nyumba zetu tukatia mlango. Tharcisse alipima, mimi nikakata, tukapishana inchi nne, kwa hivyo haufungi vizuri. Clothilde amesema uachwe hivyo hivyo. Mama ameshahesabu hatua: kumi na saba kutoka kitini mwake. Anakwenda kuzungumza, anarudi kuvuta hewa, anakwenda tena. Yumna amewafungulia makopo mengine matano.

Jumapili ya wiki ijayo msimu wa vimbunga unaanza, na Ijumaa inayofuata ni Idi. Umehesabu barua zangu, Dada? Januari moja, Februari moja, Aprili moja. Hii ni ya nne. Na ya nne sijawahi kuipiga kwa mtu yeyote maishani mwangu.

Hodi.

Abdulghafur


Cedar Hill, 31 Mei 2025

Karibu, ndugu yangu. Karibu, karibu.

Nimeomba siku tano kazini nikapewa. Natoka Alhamisi baada ya alfajiri na Nusra ndiye atakayeendesha, mkituombea dua. Huenda tukafika kabla ya barua hii, na tukifika usitoke nje kutupokea. Nitapitia kwa Clothilde kwanza nimshike mkono, halafu niingie kwa ule mlango wenu usiofunga, na viatu vyangu.

Mwambie Mama afungue kopo jingine. Dharura inakuja, na ina njaa.

Mwanabaraka